Heda ya Shaba Iliyopasuka Mara Tatu: Kuchagua Mabomba Unapobadilisha Boila ya Mvuke Nyumbani

Kisa hiki ni cha nyumba moja, boila moja na mafundi wawili, na mmoja wa mafundi hao ni mimi. Majina, mji na kila alama ya kumtambulisha mtu nimeiondoa. Vipimo ni vile nilivyoandika kwenye daftari la kazi. Palipo na kosa langu nimeliacha lionekane, kwa sababu sehemu kubwa ya funzo imo humo.

## Usuli

Nyumba ni ya zamani, sakafu mbili juu ya chumba cha chini, mahali penye baridi kali. Hupashwa joto kwa mvuke wa bomba moja: mvuke hupanda hadi kwenye rejeta, yaani chombo cha chuma kinachotoa joto chumbani, hupoa, hugeuka maji, na maji hayo hushuka kwa bomba lilelile ulikopitia mvuke. Vitu viwili vinapishana njia moja, kimoja kikipanda na kingine kikishuka. Mfumo wa namna hii hausamehe bomba jembamba wala bomba lililolala vibaya.

Shinikizo lake ni dogo mno. Boila ya mvuke ya nyumbani hufanya kazi vizuri chini ya psi 2 (psi ni kipimo cha shinikizo, pauni kwa inchi ya mraba), na mara nyingi hata psi 1 haifiki. Asiyeuzoea mvuke hudhani lazima usukumwe kwa nguvu. Kumbe maji yakigeuka mvuke kwenye nyuzi 100 za selsiasi hutanuka takriban mara 1,600, na mvuke ukigusa chuma baridi cha rejeta hunywea ghafla na kuacha nafasi inayovuta mvuke mwingine nyuma yake. Kutanuka huku na kunywea kule ndiko kunakoipasha nyumba joto.

Boila ya awali ilikuwa pande kubwa la chuma cha kusubu, lenye nafasi pana juu ya maji. Mvuke ulitoka humo polepole, na matone ya maji yalipata muda wa kuanguka kabla hayajafika kwenye bomba. Boila za siku hizi ni ndogo. Zina maji machache, nafasi finyu juu ya maji, na midomo ya kutolea mvuke iliyo karibu sana na maji yanayochemka. Kwa hiyo kazi ya kutenganisha maji na mvuke, ambayo zamani ilimalizikia ndani ya boila, sasa inamalizikia nje, kwenye mabomba yanayoizunguka: bomba la kupandisha, heda (bomba la mlalo linalopokea mvuke kutoka kwenye bomba la kupandisha), na bomba la kusawazisha linaloshuka kutoka mwisho wa heda hadi chini ya boila. Watengenezaji wanalijua hilo, ndiyo maana kijitabu cha boila huyachora mabomba hayo na kutaja kipenyo, urefu na nyenzo yake. Fundi anayeyachukulia kama kazi ya hiari ni sawa na aliyefunga nusu ya boila.

## Mambo yalivyokwenda

Boila ya zamani ilipata ufa majira ya baridi yakikaribia, maji yakawa yanadondokea kwenye moto. Mwenye nyumba, mama mtu mzima anayeishi na wajukuu wawili, alitaka joto lirudi kabla baridi haijashika. Akamwita fundi aliyewahi kumfanyia kazi nzuri ya mabomba ya maji ya moto.

Fundi huyo hakuinakili namba iliyokuwa kwenye kibao cha boila ya zamani. Alipita chumba kwa chumba, akapima rejeta zote 9, akapata jumla ya futi za mraba 310 za uso wa kutoa joto. Kila futi ya mraba huhitaji BTU 240 (BTU ni kipimo cha joto) kwa saa, hivyo nyumba ilihitaji BTU 74,400, yaani karibu kilowati 22, pamoja na akiba ya theluthi moja kwa ajili ya kupasha mabomba yenyewe. Akaagiza boila ya ukubwa huohuo. Wengi hulikosea jambo hili, na yeye alilipatia.

Kisha likaja suala la mabomba. Hakuwa na mashine ya kukata nyuzi, yaani mikato ya kufungia kama ya skrubu, kwenye bomba la chuma, na kazi yake ya kila siku ilikuwa shaba na solda. Alimwambia mama kwamba shaba haishiki kutu, inafungwa haraka na inapendeza macho. Yote hayo ni kweli. Lakini kijitabu kilitaka mabomba mawili ya kupandisha ya inchi 2 na heda ya inchi 2½, na viungio vya shaba vya ukubwa huo havikupatikana upesi, tena bei yake haikulingana na makubaliano yao. Akashuka hadi inchi 1½, bomba moja la kupandisha badala ya mawili. Heda aliilaza sentimita 35 tu juu ya mstari wa maji, yaani usawa wa maji ndani ya boila, wakati kijitabu kilitaka sentimita 61. Kijitabu chenyewe nilikuja kukikuta nyuma ya boila, bado kimo kwenye mfuko wake wa nailoni.

Baridi ya kwanza nyumba ilipata joto, lakini kwa kelele. Mabomba yalipigapiga kama mtu anayegonga kwa nyundo, hasa alfajiri boila inapoanza. Rejeta mbili za juu zilitema maji kwenye vali zake za kutolea hewa. Vali zote zikabadilishwa, na hali ikabaki vilevile. Mtu mwingine aliyepita akaongeza shinikizo kwenye swichi ya boila, akiamini joto halifiki juu kwa kukosa nguvu. Kelele ikazidi.

Baridi ya pili, tii ya shaba (kiungio cha njia tatu) katikati ya heda ikaanza kutoa unyevu kwenye kiungo. Fundi wa kwanza akaja, akalehemu upya. Baada ya wiki tano kikapasuka kiungo kilekile. Akabadilisha tii nzima. Siku ishirini baadaye ikapasuka elbo (kiungio cha kona) iliyo jirani yake. Hapo ndipo nilipoitwa.

## Tulichokikuta

Sikugusa spana siku ya kwanza. Niliketi mbele ya kioo cha kupimia maji kwa mizunguko mitatu ya boila, nikaangalia. Maji yalipanda na kushuka kwa zaidi ya sentimita 8, na mara mbili kizimio cha maji kupungua kiliizima boila katikati ya kazi. Swichi ya shinikizo ilikuwa imefungwa ikate kwenye psi 6.

Niliirudisha iwashe kwenye nusu psi na kukata kwenye psi 1½. Jaribio hili halina gharama, na lilipunguza kelele karibu nusu. Sababu yake ni rahisi: kila psi 1 ya shinikizo la boila huweza kuyasukuma maji kwenda juu takriban sentimita 70. Ukipandisha shinikizo mno, unayafukuza maji boilani na kuyasimamisha kwenye mabomba ya marejeo, yaani yale yanayoyarudisha maji boilani, kule mvuke unakotaka kupita. Mvuke unaokimbia ukikutana na maji yaliyotuama huyachota na kuyatupa kwenye kona ya bomba. Huko ndiko kunakotoka mlio ule wa alfajiri, nasi mafundi tunauita nyundo ya maji.

Lakini nusu nyingine ya kelele ilibaki, na viungo vilikuwa bado vinapasuka. Nikapiga hesabu ya kasi. Boila ile ikiwaka sawasawa hutoa karibu kilo 47 za mvuke kwa saa, ambazo kwa shinikizo hili ni kama mita za ujazo 76. Ukizipitisha kwenye bomba moja la shaba la inchi 1½, mvuke unakimbia takriban mita 18 kwa sekunde. Mabomba mawili ya inchi 2 yangeupa kasi ya mita 5. Kwa mita 18 kwa sekunde mvuke haubagui, unabeba matone na kuyapeleka juu hadi kwenye rejeta. Maji yaliyoonekana yakitoka kwenye vali hayakuwa kosa la vali. Yalikuwa maji ya boila.

Nilifunga mita ndogo kwenye bomba la kuingizia maji mapya. Wiki moja ilionyesha lita 9. Mfumo wa mvuke uliofungwa vizuri karibu haunywi maji kabisa. Kila lita mpya huingiza oksijeni, na oksijeni huila boila ya chuma kutoka ndani. Kwa hiyo nyufa za solda hazikuwa kero ya ndoo sakafuni tu, zilikuwa zinafupisha maisha ya boila yenyewe.

## Kwa nini shaba ilipasuka

Nimesikia mara nyingi ikisemwa kwamba shaba haifai juu ya boila kwa sababu inatanuka kuliko chuma. Ni kweli inatanuka zaidi, lakini tupime. Heda ya mita 2.4 ikitoka nyuzi 15 hadi nyuzi 102, ya shaba hurefuka kama milimita 3.5, ya chuma milimita 2.5. Tofauti ni milimita moja. Milimita moja peke yake haiwezi kueleza nyufa tatu katika majira mamoja.

Kinachoeleza ni kiungo. Bomba jeusi lililofungwa kwa nyuzi na elbo mbili zilizopishana lina mahali pa kujipinda. Heda ikirefuka, elbo hujizungusha kidogo sana kwenye nyuzi zake, mzigo ukaisha hapo. Kiungo cha solda hakizunguki. Heda ile ya shaba ilibanwa upande mmoja na boila yenye uzito wa mamia ya kilo, upande mwingine na bomba kuu lililofungwa darini. Ikitaka kurefuka haina pa kwenda, inabaki kuinama kwenye tii. Boila huwaka na kuzima mara mbili tatu kwa saa, usiku na mchana, majira yote ya baridi. Solda haiyeyuki kwa joto hilo, maana hata ile laini ya bati na risasi huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 183, lakini huwa dhaifu zaidi kadiri inavyopashwa moto, na kiungo kinachoinamishwa maelfu ya mara kikiwa dhaifu huishia kupasuka. Nyufa zote tatu zilianzia upande wa juu wa kiungo, pale mvutano ulipokuwa mkubwa.

Mama aliniuliza, "Fundi, shaba si ndiyo bora kuliko chuma? Mbona ndiyo imepasuka?"

Nikamjibu, "Mama, shaba haijakosa ubora. Imewekwa mahali pasipo pake, na chini kule kwenye marejeo nitaiacha."

## Uamuzi, kipande kwa kipande

Kabla ya kukata chochote nilichora mfumo wote kwenye karatasi, na kwenye kila kipande nikaandika majibu ya maswali matatu: humu unapita mvuke au maji? Joto linabadilika kiasi gani kila mzunguko? Kipande hiki kinahitaji kusogea?

Bomba za kupandisha, heda na bomba la kusawazisha: mvuke, joto linapanda na kushuka sana, na lazima zisogee. Hapa niliamua bomba jeusi la unene wa kawaida, skedyuli 40, lenye nyuzi, na viungio vya chuma cha kusubu vya daraja 125. Viungio hivyo vimetengenezwa kwa ajili ya mvuke, na vina faida nyingine ambayo kijana wa kazi huipenda siku ya matengenezo: kiungio kilichoganda kabisa unaweza kukipasua kwa nyundo mbili na kukitoa bila kuharibu bomba.

Kwa nini si bomba la GI, yaani chuma kilichopakwa zinki? Mwenye nyumba alikuwa na vipande kadhaa vizuri ghalani. Vijitabu vingi vya boila hulikataza. Zinki haiongezi faida yoyote ndani ya mvuke, na ikibanduka huingia boilani na kwenye matundu madogo ya vifaa vya kupimia. Kwa nini si kuchomelea? Kwenye majengo makubwa mabomba ya mvuke huchomelewa, lakini huko mhandisi huweka vipande maalumu vya kupokea mtanuko. Katika chumba cha chini chenye nafasi ndogo, nyuzi zenyewe ndizo kipokezi cha bei nafuu kuliko vyote.

Plastiki nayo ilitajwa, si na mama bali na jamaa yake aliyefika kusaidia. Bomba la PEX kwa kawaida huhimili hadi nyuzi 93, na mvuke wetu ni 102. Hata kwenye marejeo sikukubali, kwa sababu siku moja mvuke ukipenya hadi huko, hakuna wa kuliambia bomba lisubiri.

Marejeo ya chini ndiyo yaliyonichukua muda mrefu zaidi, na ndiko mahali mafundi wazuri hutofautiana. Bomba hili limelala sakafuni, chini ya mstari wa maji, limejaa maji muda wote. Joto lake ni la wastani na halibadiliki kwa ghafla, wala halibanwi pande mbili na vitu vizito. Sababu zote zilizoikataa shaba kule juu hazipo hapa. Na chuma hapa kina adui wake: maji yanayorudi huwa yamebeba hewa ya kaboni iliyoyeyuka na kuwa asidi hafifu, na asidi hiyo pamoja na oksijeni hulila bomba jeusi kutoka ndani, kimyakimya, hadi siku linapotoboka. Ukilazimika kutumia chuma mahali hapa, chukua skedyuli 80. Kwa bomba la inchi 1¼ ukuta wake ni karibu milimita 4.9 badala ya 3.6, na milimita hiyo ni miaka. Sisi tulikuwa na shaba ya inchi 1¼ iliyowekwa na fundi wa kwanza, nzima, yenye mteremko mzuri. Niliiacha.

Pale shaba inapokutana na chuma, chuma ndicho kinacholiwa, na hulika upesi zaidi kikiwa kipande kidogo karibu na shaba nyingi. Kwa hiyo nipo (kipande kifupi cha bomba chenye nyuzi pande zote mbili) ya kuunganisha marejeo na bomba la kusawazisha sikuiweka ya chuma, niliiweka ya shaba ya manjano. Nipo hiyo ndiyo sehemu ya mfumo inayoziba kwa kutu mapema kuliko nyingine yoyote. Iko kwenye kitanzi cha Hartford, mpangilio unaoyarudisha maji boilani kidogo chini ya mstari wa maji ili marejeo yakitoboka boila isimwage maji yake yote. Kitanzi hicho kilipendekezwa mwaka 1919 na kampuni ya bima ya boila, Hartford Steam Boiler Inspection and Insurance Company ya Marekani, ambayo ilichoka kulipia boila zilizoungua kwa kukauka. Fundi wa kwanza alikiweka, lakini alikiunganisha sawasawa na mstari wa maji wenyewe. Nilikishusha sentimita 5 chini yake, ili mvuke usifike mdomoni mwake maji yanapocheza.

Bomba kuu za nyumba, chuma cha inchi 2 cha umri wa boila ya kwanza, sikuzigusa. Nilifungua plagi ya mwisho wa kila moja nikamulika ndani: utando mwembamba wa kutu kavu, ukuta mzima. Bomba la mvuke tupu hudumu sana.

Kilibaki kipande kimoja. Fundi wa kwanza alibadilisha pia tawi moja linaloelekea rejeta ya chumba cha wajukuu, mita 3 za shaba ya inchi 1¼ zilizopita juu ya dari ya plasta. Kwa maswali yangu matatu jibu lilikuwa wazi: mvuke, joto linalopanda na kushuka, linahitaji kusogea. Ilipasa litoke. Lakini dari ilikuwa imepakwa rangi upya, mama alikuwa amechoka na vumbi, nami nikajiambia kwamba tawi moja jepesi halitaleta shida. Nikaliacha.

## Kazi yenyewe

Tulichelewa siku tisa kabla ya kuanza. Bomba kuu zilikuwa zimevikwa plasta nyeupe ya zamani iliyopasukapasuka, na kitu cha namna hiyo kwenye nyumba ya umri ule hakipaswi kuguswa kabla ya kupimwa. Sampuli ilionyesha asbesto, madini ambayo vumbi lake hudhuru mapafu. Waliitwa wenye leseni ya kuiondoa, wakafunga chumba, wakaitoa. Mama alilalamika kuhusu kuchelewa, na nilimwelewa, lakini vijana wangu wasingekata bomba chini ya vumbi lile.

Kukata nyuzi kulichukua siku moja, kufunga nusu siku. Ugumu wa chuma ni vipimo, kwa kuwa bomba huingia ndani ya kiungio na kila kiungio kinakula sehemu yake. Ukikosea sentimita moja kwenye shaba unakata upya, ukikosea kwenye chuma unarudi kwenye mashine. Tulipanga bomba mbili za kupandisha, kila moja na elbo mbili zilizopishana kabla ya kuingia kwenye heda. Heda tuliiweka sentimita 71 juu ya mstari wa maji, kwa sababu dari iliruhusu zaidi ya kiwango. Bomba la kwenda nyumbani tulilitoa kati ya bomba la pili la kupandisha na lile la kusawazisha. Mpangilio huu haubadilishwi. Ukilitoa katikati ya bomba mbili za kupandisha, mvuke unatoka pande mbili na kugongana mdomoni mwake, na maji yanachukuliwa juu badala ya kutelezea mwisho wa heda.

Kwenye nyuzi tulitumia tepu na juu yake dawa ya kuzibia inayohimili mvuke. Bomba dogo lililopinda linaloshika swichi ya shinikizo tuliliweka la shaba ya manjano, kwa kuwa la chuma huziba kwa kutu na kuifanya swichi isione kitu. Mwishoni, bomba zote za mvuke zikavikwa sufi ya kioo ya inchi 1.

## Matokeo

Siku ya kwanza ilikuwa mbaya. Boila iliwaka, maji kwenye kioo yakaanza kuruka kuliko hata mwanzo, na mama akaniangalia bila kusema neno. Sababu niliijua: mafuta ya kukatia nyuzi. Bomba jipya la chuma huja na mafuta ndani, na mashine huongeza mengine. Yakielea juu ya maji, mvuke hushindwa kutoka kwa utulivu, maji yanatoa povu na kupandishwa. Shaba nayo ina ugonjwa wake kama huu, utokanao na dawa ya kulehemu. Dawa ni kuengua: unafungua tundu la kuengulia lililo usawa wa maji, unaingiza maji polepole mno, yakawa yanatoka kama uzi mwembamba wa kalamu huku yakibeba mafuta ya juu. Nilikuwa nimeengua kwa muda wa saa moja, nikaona inatosha. Haikutosha. Tulirudi mara tatu kwa wiki mbili, kila mara kwa muda wa saa nne. Baada ya mara ya tatu maji yalitulia, mchezo wake kwenye kioo ukawa chini ya sentimita 2.

Kelele ziliisha. Vali za juu zikaacha kutema maji, zikiwa vali zilezile zilizolaumiwa. Kizimio cha maji hakijaizima boila tena. Mita ya maji mapya, iliyokuwa ikionyesha lita 9 kwa wiki, kwa miezi mitatu haikusogea kwa kiasi cha kusomeka.

## Uchambuzi

Ni rahisi kusema fundi wa kwanza alikosea kwa kuchagua shaba. Nadhani kosa lake lilianza hatua moja kabla ya hapo, na linanihusu hata mimi. Alichagua nyenzo aliyoizoea, na nyenzo hiyo ikamchagulia kipenyo. Shaba kubwa ilikuwa ghali na adimu, kwa hiyo heda ikawa nyembamba. Heda nyembamba ikaongeza kasi, kasi ikabeba maji, maji yakagonga, na kugonga huko kukatikisa viungo ambavyo tayari vilikuwa vimebanwa. Ukiniuliza ni lipi lililopasua tii, kutanuka au kugonga, nitajibu kwamba yalifanya kazi pamoja. Heda ya shaba yenye inchi 2½ na kimo sahihi ingepasuka pia, lakini pengine baada ya miaka kadhaa. Heda ya chuma cheusi yenye inchi 1½ isingepasuka, lakini nyumba ingeendelea kugonga na vali kutema maji. Kwa hiyo kubadilisha nyenzo bila kubadilisha umbo kungemaliza dalili moja na kuacha ugonjwa.

Kulehemu upya mara mbili kulichelewesha uchunguzi. Kiungo kilekile kikipasuka mara ya pili, kiungo si tatizo tena, tatizo ni mzigo ulio juu yake. Ufa wa pili ulitosha kulisema hilo, na wa tatu ulikuwa gharama ya bure.

Jaribio la shinikizo lilikuwa na thamani kuliko nilivyotarajia. Lingefanywa baridi ya kwanza, mama angepumzika na nusu ya kelele bila kununua hata kiungio kimoja. Lakini lingeweza pia kutudanganya. Kelele zilipopungua, jamaa yake alitaka tuishie hapo, na mita ya maji ndiyo iliyotuzuia.

Kuacha shaba kwenye marejeo sijakujutia. Mwisho wa majira nilifungua vali ya kumwagia matope: yalitoka maji ya hudhurungi kwa sekunde chache, kisha masafi. Nipo ya shaba ya manjano niliifungua kuikagua, njia yake ilikuwa wazi.

Kuhusu kuengua, nililipangia muda mdogo kwa sababu lilikuwa mwisho wa kazi na kila mtu alitaka kwenda nyumbani. Sasa ninaliandika kwenye makubaliano kama kazi inayojitegemea, na siku zake, kabla ya kutaja bei.

Na lile tawi la chumba cha wajukuu. Baridi iliyofuata lilianza kwa kulia, tiki tiki tiki, kila boila ilipowaka: shaba ikirefuka na kusugua mbao iliyopitia. Mama alinipigia simu mapema, nikamwambia tutaangalia majira yakiisha. Mwezi mmoja baadaye doa la njano likajitokeza darini juu ya kitanda. Tuliifungua dari ileile niliyotaka kuiokoa, tukakuta elbo ya solda ina ufa upande wa juu, kama zile tatu. Tuliweka bomba jeusi la inchi 1¼, elbo mbili za kujipinda pale linapoachana na bomba kuu, mteremko wa kurudisha maji, na tundu kwenye mbao lililopanuliwa ili bomba lipite bila kugusa. Plasta na rangi ya dari nililipia mimi.